Lango la Shule na Ukurasa wa Saba

Uvumi ulinifikia nikiwa nimeinamia cherehani, na tangu saa ile haukunitoka kichwani: eti lango la shule ya watoto wetu litazibwa, lifunguliwe jingine upande wa barabara kuu, kwa sababu upande wa lango la sasa patajengwa maegesho ya malori.

Aliyeuleta ni wifi yangu, dada wa mume wangu, ambaye huingia kwangu bila hodi na kutoka bila kwaheri. Alikuwa amefuata sketi aliyoniachia niipunguze kiuno.

"Nani kakwambia?" nikamuuliza.

"Watu."

"Watu gani?"

"Wewe wifi nawe! Watu ni watu. Ulitaka waje na vitambulisho?"

Nikacheka, lakini mguu wangu ulikuwa umeshaacha kukanyaga cherehani. Kitinda mimba wangu, tunayemwita Uzi kwa wembamba wake, yuko darasa la pili shule ileile. Sikio lake la kulia halisikii. Aliugua akiwa na miaka mitatu, likatoka usaha wiki nzima, na lilipokauka lilikauka na kusikia kwake. Ukimwita kutoka kulia, anageuka kushoto kukutafuta. Kwa lango la sasa haina neno: anatoka nyumbani, anapita uchochoroni kwa fundi baiskeli, anaingia shule. Hakuna gari. Lakini barabara kuu? Mtoto asiyejua honi imelia upande gani?

"Wifi, usianze," akasema, maana aliniona uso. "Wewe hata mawingu yakitanda unaogopa mbingu itaanguka. Ni maneno tu hayo."

Akachukua sketi yake akaenda zake. Mimi nikabaki na swali ambalo si la woga peke yake. Kwa kweli nilitaka kujua. Jambo kama hilo, la kuhamisha lango wanalopita watoto mia sita, huwa linaamuliwa wapi? Kuna chumba? Kuna meza? Na kwenye meza hiyo, kuna mtu anayeuliza, "Jamani, na watoto je?" Au huwa hakuna?

Nawaandikia akina mama wenzangu kwa sababu nililifuata swali hilo mpaka nikalipata jibu lake, na jibu lenyewe lilinikuta pabaya.

Kazi yangu ni kushona mapazia. Mwaka ule nilikuwa nimepata kazi ya halmashauri, nimeanza na ukumbi mkubwa, sasa nimebakiza vyumba vidogo vya ofisi. Mtu wa mapazia ana bahati moja: anaingia kila chumba na hakuna anayemshangaa. Unabisha, unasema, "Nimekuja kupima dirisha," unapewa kiti cha kupandia, na watu wanaendelea na mazungumzo yao kana kwamba na wewe ni kitambaa.

Kesho yake, Jumanne, zamu ilikuwa ya masjala, chumba cha kuwekea mafaili. Karani wake ni mzee mkavu, miwani yake kaifunga kwa uzi nyuma ya kichwa. Nilipanda kwenye kiti, nikanyoosha tepu yangu juu ya dirisha, nikauliza kama mtu anayeulizia hali ya hewa.

"Mzee wangu, eti kuna faili la maegesho ya malori?"

Aliacha kuandika. Akavua miwani, na kwa vile ilikuwa imefungwa ikabaki inaning'inia kidevuni.

"Unataka kuliona?"

"Inaruhusiwa?"

"Binti yangu," akasema, "mimi nipo chumba hiki mwaka wa kumi na moja. Sheria inasema mwananchi yeyote anaweza kusoma faili la mradi humuhumu ndani, bila kutoka nalo. Nilinunuliwa daftari la kuandikisha wasomaji. Shuka hapo kwenye kiti."

Akafungua droo akatoa daftari kubwa lenye jalada gumu. Lilikuwa jeupe tangu ukurasa wa kwanza. Alinipa kalamu, na mimi nikawa msomaji namba moja.

Faili lenyewe halikuwa nene. Mzee alinikalisha mezani kwake, akasimama nyuma yangu kama mwalimu wa zamu. Mimi nasoma polepole. Nimeishia shule ya msingi, na nikisoma huwa naweka kidole chini ya neno, nisiliache mpaka nimelielewa. Mtu mwenye haraka angekuwa amelimaliza kabla sijafika ukurasa wa tatu. Lakini uvumi haukuwa uvumi. Ramani ilikuwepo: uwanja wa shule umekatwa pembeni, malori yamechorwa kama vibiriti vilivyopangwa, na lango jipya, mstari mwekundu, limetazama barabara kuu. Tangazo lilikuwa limebandikwa kwenye ubao wa ndani wa halmashauri, chini ya ratiba ya likizo za wafanyakazi. Kamati ya mipango ingekaa kuidhinisha mradi siku ya Ijumaa, saa nne asubuhi.

"Ijumaa hii?" nikauliza.

"Hiihii."

Ukurasa wa saba ulikuwa na swali lililopigwa chapa kwa herufi nene: *Mradi huu utawagusaje watoto wa sasa na watakaozaliwa baadaye?*

Kumbe swali lipo! Kumbe kuna mtu aliyewahi kukaa akaliwaza, akaagiza lisikose katika faili lolote! Nikateremsha kidole kwenye jibu.

*Watoto hawataruhusiwa kufika eneo la kupakulia samaki. Magamba na maji machafu yataelekezwa kwenye mtaro uliofunikwa. Vizazi vijavyo vitanufaika kwa kupata samaki wenye ubora.*

Nikarudia tangu mwanzo. Kidole kilikuwa palepale.

"Mzee, malori yatabeba samaki?"

"Samaki gani?"

Nikamwonyesha. Akapandisha miwani, akasoma, akasoma tena. Alienda kwenye kabati, akarudi na faili la soko la samaki lililojengwa miaka sita nyuma. Ukurasa wa saba, maneno yaleyale, na huko yalikuwa nyumbani kwao. Akarudi kabatini. Akaleta faili la stendi ya mabasi: samaki. Faili la machinjio: samaki. Akayapanga mezani moja baada ya jingine, yote yamefunguliwa ukurasa wa saba. La mwisho lilikuwa la kupanua makaburi.

"Usiniambie," nikasema.

"Vizazi vijavyo," akasoma kwa sauti ya mazishi, "vitanufaika kwa kupata samaki wenye ubora."

Tulicheka mpaka akakaa chini. Mtu wa chumba cha pili akagonga ukuta. Mzee akafuta macho, kisha akayatazama yale mafaili na kicheko kikamwishia taratibu.

"Na mimi ndiye niliyeyapiga mhuri yote," akasema. "Nahesabu kurasa. Zikitimia kumi na mbili, napiga mhuri. Kuhesabu si kusoma, binti yangu."

Nilikuwa nimepata nguvu. Nilijiona tayari nimesimama mbele ya kamati nikiwauliza habari za samaki. Nikafunua kurasa zilizobaki ili nimalize tu, na kwenye ukurasa wa mwisho, chini ya maneno *Wananchi walioshirikishwa na kuridhia mradi*, kulikuwa na orodha ya majina kumi na tisa.

Namba kumi na nne nilikuwa mimi. Jina langu, mwandiko wangu, na saini yangu yenye mkia wa kupinda kama sindano ya kushonea magunia.

Sikuelewa kwanza. Nilidhani ni jina la mwenzangu. Kisha nikaikumbuka siku yenyewe. Ilikuwa siku ninaning'iniza mapazia ya ukumbi mkubwa. Kulikuwa na watu wachache mbele, mmoja anaongea kwenye spika, mimi niko juu ya ngazi na pete za pazia mdomoni. Kijana wa makaratasi akazunguka na ubao wenye karatasi. Akaniinulia mpaka kwenye ngazi. "Mama, mahudhurio tu hayo, kwa ajili ya soda." Juu ya karatasi hapakuwa na neno lolote, mistari mitupu. Nikaiegemeza ukutani, nikatia saini, nikashuka nikanywa soda yangu. Ilikuwa ya chungwa.

Nilikuwa nimeridhia lango lihamishwe nikiwa na pete za pazia mdomoni.

"Mzee wangu," nikasema, "nataka kuifuta hii."

"Saini haifutwi. Inaongezewa neno." Alivuta kiti akakaa mbele yangu. "Sikiliza. Mtu ambaye jina lake halimo kwenye faili, Ijumaa atakaa nje koridoni. Aliyemo, akinyoosha mkono, lazima asikilizwe. Jina lako limekuponza, lakini ndilo litakalokuingiza ndani. Hao wengine unawafahamu?"

Nikapitisha kidole juu mpaka chini. Niliwafahamu karibu wote. Namba tatu, mama anayepika chai ya halmashauri. Tano na sita, wanaume wawili wanaopanga viti. Namba tisa, fundi wa spika. Namba kumi na moja, dereva. Namba kumi na saba, mama mmoja aliyekuwa amekuja kufuatilia cheti cha kuzaliwa cha mwanawe akaingia mlango usio wake. Hapakuwa na mzazi hata mmoja aliyeitwa kama mzazi. Walichukua kila aliyekuwa na mikono mle ukumbini.

Jumatano nzima nilitembea. Mapazia yalikaa. Wapanga viti walinielewa upesi, kwa sababu mmoja ana wajukuu wawili shule ile. Fundi wa spika alisema, "Mimi nilisaini nikijua ni ya kukabidhi maikrofoni," akapandwa na hasira kuliko hata mimi. Mama wa cheti nilimkuta bado anafuatilia cheti kilekile.

Aliyenishinda ni mama chai. Nilimfuata jikoni kwake, nyuma ya ukumbi, kajaza vikombe kwenye trei.

"Dada," nikamwambia, "twende Ijumaa tukaseme hatukuulizwa."

"Nenda wewe, mdogo wangu. Wewe ukimaliza mapazia unaondoka. Mimi kesho na keshokutwa nipo hapahapa, na wao wanataka chai hapahapa."

"Ni watoto lakini."

"Na mimi wangu nawalisha kwa trei hii. Au unataka nifukuzwe ili nije nikushikie sindano?"

"Sijasema hivyo."

"Hujasema, lakini ndiko linakokwenda. Pisha, maji yanachemka."

Nilitoka nimekasirika, na njiani nikamsema vibaya moyoni. Nilikosea. Yeye alikuwa na lake la kupoteza, na alilijua kuliko mimi.

Alhamisi asubuhi nilikwenda kwa afisa mipango, yule aliyechora ramani. Nilitegemea kukuta mtu mwenye kiburi. Nikamkuta kijana mrefu kama nguzo, magoti yanagusa meza kwa chini, anakula karanga kutoka kwenye bahasha.

"Dirisha langu lilishapimwa, dada," akasema.

"Nimekuja na ukurasa wa saba."

Nilipomsomea, karanga ziliganda mkononi. Hakubisha. Alifungua kompyuta yake, akatafuta, akaona mwenyewe.

"Nilikuta fomu iko tayari humu," akasema. "Nilibadilisha jina la mradi, na ramani, na vipimo. Ukurasa huo... Dada, hakuna aliyewahi kuniuliza kuhusu ukurasa huo. Hata mimi nilidhani ni wa kuongezea uzito."

"Na kuvuka barabara je? Mlipima?"

Hapo alijinyoosha, maana hapo alikuwa na uhakika. "Nilipima mwenyewe. Mita kumi na nne, sekunde kumi. Taa ya kuvukia tutaiwekea sekunde kumi na tano. Nimezidisha kabisa."

Nikamtazama miguu. "Ulivuka kwa miguu hiyo?"

"Kwani nilikuwa na mingine?"

"Njoo saa nne, wakati wa mapumziko. Uje na saa yako."

Sikutegemea atakuja, lakini alikuja. Nadhani na yeye alikuwa ameanza kutaka kujua. Mwalimu wa darasa la pili alituruhusu kuingia uwanjani, na kwa tepu yangu tulipima mita kumi na nne kwenye mchanga, tukachora mistari miwili kwa kijiti. Barabara ya uongo. Afisa akavuka kwanza: sekunde kumi kamili. Akanitazama kama anayesema, umeona?

Kisha tukawaambia watoto wanne wavae mikoba yao wavuke, Uzi akiwa mmoja wao. Hatukuwaambia wakimbie wala wasikimbie. Wakaanza vizuri. Katikati mmoja akasimama kumngoja mwenzake. Uzi akawa anatembea akitazama upande wake wa kushoto, shingo imepinda, kama anavyotembea siku zote ili asikie. Mwingine ndala ikamtoka. Akaenda hatua tatu bila ndala, akageuka, akarudi kuifuata, akaketi chini kabisa kuivaa.

"Ishirini na sita," akasema afisa, akitazama saa kama imemsaliti. Akamwinamia yule wa ndala. "Kwa nini ulirudi katikati ya barabara?"

"Ndala yangu."

"Na lori likija je?"

Mtoto akamshangaa. "Lori halivai ndala."

Wenzake wakacheka, na mimi nikacheka, lakini afisa hakucheka. Aliandika. Akatuomba turudie, mara hii akisimama upande wa kulia wa Uzi akapiga makofi kwa nguvu, ghafla. Uzi akaruka, akageuka kushoto, akarudi nyuma hatua mbili kuelekea kwenye makofi. Sikuwa nimemwambia afisa habari za sikio. Alijua mwenyewe pale pale, akaacha mikono hewani.

"Wako wengine wa namna hii?" akaniuliza kwa sauti ya chini.

"Wangu ni huyu. Wengine sijui. Nani kawahesabu?"

Uzi alikuwa amemsogelea, anaichungulia karatasi yake. Mtoto wangu haogopi watu warefu.

"Malori yatakaa hapa mpaka lini?" akauliza.

"Mkataba ni miaka thelathini."

Akahesabu kwa vidole, vikamwishia, akaazima vya mwenzake. "Nitakuwa na thelathini na saba. Mama, wewe una ngapi?"

"Thelathini na tatu."

"Basi nitakuwa mkubwa kukupita!" Ilimchekesha sana. Kisha akauliza tena. "Na mtoto wangu mimi atapita mlango upi?"

"Mimi sitaki mtoto," akasema yule wa ndala. "Mimi nataka lori."

Afisa mipango alikaa chini mchangani na miguu yake yote, akaliandika swali la Uzi neno kwa neno. Nilimwona. Hakuandika kitu cha kulijibu, akaacha nafasi tupu chini yake.

Ijumaa tulikuwa tisa kati ya kumi na tisa. Karani wa masjala alituingiza mmoja mmoja, anasoma namba zetu kwenye faili kwa fahari kama anayeita waliofaulu. Wajumbe walikaa kwenye meza ndefu, na mapazia yangu nyuma yao. Mwenyekiti, mtu mnene mwenye sauti ya upole, alianza na maegesho.

"Mradi una ridhaa ya wananchi kumi na tisa," akasema. "Nadhani tusipoteze muda."

Nikanyoosha mkono. 

"Mheshimiwa mwenyekiti, mimi ni namba kumi na nne. Sikuridhia. Nilikuwa juu ya ngazi natundika mapazia hayo."

Vicheko vikapita mezani. Mwenyekiti akatabasamu. "Mama, saini si yako?"

"Ni yangu. Niliitia kwa ajili ya soda."

"Na mimi ni namba tano," akasema mpanga viti nyuma yangu. "Nilikuwa nimebeba viti vinne."

"Namba sita. Nilikuwa nimebeba vingine vinne."

"Namba tisa, spika ilikuwa inapiga mluzi, nikasaini nikiwa chini ya meza."

"Namba kumi na moja," akasema dereva. "Nilikuja kuuliza choo kiko wapi."

Sasa hakuna aliyecheka. Mama wa cheti akasema lake, kwamba alikuja na mambo ya mtoto, akatoka amesaini mambo ya malori, na cheti mpaka leo hajapata. Mwenyekiti alikuwa anafuata namba kwa kalamu, anaweka alama kila anayesema.

"Namba tatu?" akauliza. "Namba tatu hayupo. Basi yeye tumhesabu kuwa..."

"Yupo," ikasema sauti.

Mama chai alikuwa mlangoni na trei ya vikombe kumi na viwili. Hakuja kwa ajili yetu, alikuja na chai kama kila Ijumaa. Aliitua trei mezani polepole mbele ya mwenyekiti, akajifuta mikono kwenye kanga.

"Namba tatu ni mimi, mheshimiwa. Siku ile nilikuwa nawapikieni. Niliambiwa nisaini ili sukari ihesabiwe." "Sikuulizwa habari za shule. Ningeulizwa ningesema hapana." Akaanza kugawa vikombe, na mkono wake haukumwaga hata tone.

Mwenyekiti alitazama kikombe chake bila kukigusa. "Sasa siku ile," akasema, si kwa mtu yeyote, "mwananchi alikuwa nani?"

Akaomba ukurasa wa saba usomwe. Afisa mipango akasimama, kichwa karibu kiguse taa, na badala ya kujitetea akasoma samaki wote mpaka mwisho. Kisha akaeleza habari ya sekunde ishirini na sita, ndala, na makofi. Mjumbe mmoja akauliza kama maegesho hayawezi kufunguliwa upande wa nyuma, kwenye ghala bovu. Afisa akasema inawezekana, ila hakuna aliyeuliza.

Uamuzi ulikuwa huu: lango la shule libaki palipo. Malori yaingilie upande wa ghala. Mradi urudi baada ya mwezi na ukurasa wa saba ulioandikwa upya, na orodha mpya ya watu walioitwa kwa barua.

Sitawadanganya kwamba tulishinda yote. Pembe ya uwanja ilikatwa, palepale watoto walipokuwa wanacheza mpira, na mlio wa malori yakirudi nyuma unafika madarasani. Mama chai hakufukuzwa, lakini alinuniwa miezi miwili, na hilo naona ni langu nusu. Ukurasa mpya niliusoma masjala, kidole chini ya kila neno. Una vipimo vya watoto. Una idadi ya wasiosikia na wasioona vizuri, kumi na mmoja shule nzima, idadi ambayo hakuna aliyekuwa nayo kabla. Swali la Uzi limo pia, limeandikwa kama alivyolisema, na chini yake pamepigwa chapa: *Bado halijajibiwa. Lirudiwe kila baada ya miaka mitano.*

Uzi anaendelea kupita uchochoroni kwa fundi baiskeli. Mimi bado nasimama mlangoni kumtazama mpaka apinde kona. Wenzangu, haya ndiyo ya kuepuka:

Usitie saini karatasi isiyo na maneno juu, hata kama umeletewa kalamu mpaka ulipo na mikono yako imejaa kazi.

Ukiambiwa "mahudhurio tu", usiishie hapo. Uliza itaingia kwenye faili gani.

Usingoje tangazo likufuate nyumbani. Linabandikwa mahali ambapo wewe hupiti.

Usiende ofisini na kelele kabla hujasoma. Huenda jina lako limetangulia.

Usiruke ukurasa unaohusu watoto kwa kudhani umeandikwa na mtu aliyewaza.

Usimwache mwenye miguu mirefu apime njia ya mtoto peke yake.

Usijibu kwa niaba ya mtoto akiwa amesimama hapo hapo.

Usimseme vibaya aliyeogopa. Hujui ana nini mkononi.

Usiwaache watoto wavae ndala zilizolegea karibu na barabara yoyote.